Bomba la Moshi Lenye Kelele na Sheria ya Kenya

Maelezo ya habari: Nchi jirani

Katika miji ya nchi jirani ya Kenya, hasa Nairobi na Mombasa, wapo wenye magari ambao huondoa sailensa iliyotoka kiwandani na kufunga bomba jingine la moshi, kwa madhumuni ya kuufanya mlio wa injini usikike mbali. Desturi hiyo imezusha mvutano wa muda mrefu baina ya polisi wa trafiki, wenye magari, na wananchi wanaokaa kandokando ya barabara ambao usiku wao hukatizwa na mingurumo hiyo. Maelezo haya yanakusudia kufafanua sheria ya Kenya inasema nini juu ya jambo hili, na mtu aliyeandikiwa kosa la namna hiyo ana wajibu gani na haki zipi. Jambo lenyewe halimhusu Mkenya peke yake. Madereva wa Tanzania huvuka mpaka kila siku katika vituo vya Namanga, Holili, Horohoro na Sirari, na gari likishaingia katika nchi ya watu hutawaliwa na sheria ya nchi ile.

Yafaa kwanza ieleweke desturi hii imetoka wapi. Kenya ni nchi ya matatu. Jina hilo latokana na nauli ya zamani ya senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi, na magari hayo yalipata nguvu kubwa mwaka 1973, pale Rais Jomo Kenyatta alipoyaruhusu kuchukua abiria bila leseni maalumu ya biashara hiyo. Tangu wakati huo ushindani wa kupata abiria umekuwa mkali. Gari lenye rangi za kuvutia, muziki mzito na honi ya kipekee hujaza viti upesi kuliko gari la kawaida, na hasa vijana wa shule na vyuo huweza kuliacha gari moja lipite ili wapande jingine lenye sifa. Mlio wa bomba ukaingia katika mashindano hayo. Abiria aliye kituoni hulitambua gari analolingoja kabla hajaliona.

Serikali ya Kenya ilijaribu kuirudisha nidhamu. Mwaka 2003 Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, alitangaza kanuni ambazo zilianza kutumika Februari 2004, zikidai matatu yawe na vidhibiti mwendo, mikanda ya usalama kwa kila abiria, na mstari wa rangi ya manjano ubavuni. Kwa muda fulani mabadiliko yalionekana dhahiri. Lakini ukali ulipolegea, mambo mengi yalirejea, na mwishoni mwa mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitamka kwamba vijana wanaoyapamba matatu kwa michoro wasibughudhiwe, kwa kuwa kazi hiyo ni ajira yao. Tamko hilo lilihusu michoro. Hata hivyo halikuwa jambo la ajabu kwamba baadhi ya wenye magari waliona kuwa mlango umefunguliwa kwa mengine pia.

Kundi la pili ni la magari madogo ya watu binafsi. Kenya huagiza magari mengi yaliyokwisha kutumika kutoka Japani, na haikubali gari lenye umri unaozidi miaka 8. Magari hayo hukaguliwa huko yanakotoka kabla ya kupakiwa melini. Maana yake ni kwamba gari hufika bandarini Mombasa likiwa na sailensa yake kamili. Mabadiliko hufanywa baadaye, katika gereji za mjini, kwa fedha za mwenye gari na kwa hiari yake.

Ili kuelewa kwa nini sheria inalijali bomba hili, haina budi kujua kazi yake. Injini ya petroli au ya dizeli huchoma mafuta kwa milipuko midogo inayofuatana kwa haraka mno, na kila mlipuko husukuma moshi kwa kishindo. Sailensa ni chombo chenye vyumba na mirija iliyotobolewa, na mara nyingine nyuzi zisizoungua. Mawimbi ya sauti yakiingia humo hugongana, yakapunguzana nguvu, na mengine yakamezwa na nyuzi zile, hata moshi unapotoka nje kishindo kimebaki sauti ya chini. Fundi akikata chombo hicho na kuunga bomba tupu, kishindo chote hutoka nje kama kilivyo.

Mara nyingi kitu kingine nacho huondolewa, nacho ni kile ambacho mafundi hukiita masega. Chombo hiki kina vijitundu vingi mfano wa sega la nyuki, vilivyopakwa madini ya thamani kama platinamu, paladiamu na rodiamu, na kazi yake ni kugeuza hewa za sumu zilizomo katika moshi kuwa hewa zisizo na madhara makubwa. Baadhi ya wenye magari hushawishiwa kuyatoa masega wakiambiwa kuwa gari litapata nguvu. Wengine huyatoa ili wayauze kwa sababu ya madini hayo. Gari la namna hiyo huwapigia wananchi kelele na papo hapo huwatilia sumu katika hewa wanayoivuta.

Wapo pia wanaoibadilisha programu ya kompyuta inayoongoza injini, ili dereva anapoondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, sehemu ya mafuta iungulie ndani ya bomba lenye joto. Hapo hutoka milio mfano wa risasi. Katika mji ambao watu wake wanaijua hofu ya bunduki, milio hiyo usiku wa manane si jambo la mchezo.

Hatari nyingine haionekani wala haisikiki. Bomba lililoungwa vibaya huvuja, na moshi ukivujia chini ya gari huweza kupenya ndani. Humo mna hewa ya kabonimonoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo huiziba damu isichukue oksijeni. Abiria huanza kuumwa kichwa na kusinzia, na wala hajui sababu. Kwa hiyo askari anapolisimamisha gari lenye bomba bovu, hamtetei mwenye nyumba ya jirani peke yake. Anawatetea pia waliomo garini.

Sasa sheria yenyewe. Sheria ya Trafiki ya Kenya, ambayo ni Sura ya 403, inasema katika kifungu cha 55 kwamba gari lisitumiwe barabarani isipokuwa gari lenyewe na sehemu zake zote zinatimiza matakwa ya sheria, na kwamba sehemu hizo zitunzwe katika hali isiyoweza kuwahatarisha watumiaji wengine wa barabara wala waliomo garini. Kanuni zilizotungwa chini ya sheria hiyo zinadai gari lenye injini liwe na sailensa inayofanya kazi. Zaidi ya hayo, kanuni za kudhibiti kelele zilizotungwa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zilikataza gari kutoa sauti kubwa isiyo ya kawaida, zikaweka kiwango cha desibeli 84 ambacho gari linaloongeza mwendo halipaswi kukipita.

Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti, nacho hakihesabiki kama kilo au mita. Sauti ikiongezeka kwa desibeli 10, nguvu yake imezidi mara 10, ingawa kwa sikio la mwanadamu huonekana kama imezidi mara 2 hivi. Ikiongezeka kwa desibeli 20, nguvu imezidi mara 100. Kwa hiyo gari linalotoa desibeli 94 halikupita kiwango kidogo tu, kama mtu anavyoweza kudhani kwa kuzitazama tarakimu. Limetoa nguvu ya sauti mara 10 ya ile inayoruhusiwa.

Kanuni hizo hizo za mwaka 2009 ziliweka kiwango cha kelele katika makazi ya watu, nje ya nyumba, kuwa desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku ukahesabiwa tangu saa 2 jioni hadi saa 12 asubuhi. Kipimo cha mtaa na kipimo cha gari si kitu kimoja, maana cha kwanza huhusu kelele ya eneo na cha pili huhusu gari moja linapopita. Hata hivyo tofauti ya tarakimu hizo yatosha kuonyesha jinsi gari moja tu linavyoweza kuuvuruga utulivu ambao sheria imekusudia mtaa uupate. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za eneo la Ulaya, lilishauri kelele za barabarani wakati wa usiku zisizidi wastani wa desibeli 45, kwa kuwa kelele za kudumu huharibu usingizi na huhusishwa na maradhi ya moyo.

Hapa ndipo linapotokea swali ambalo dereva na askari wote wawili wanapaswa kulizingatia. Kelele hupimwa kwa chombo, na chombo hakina maana bila umbali. Kila umbali unapozidi mara mbili mahali pa wazi, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Utaratibu mmoja wa kimataifa hulipima gari likiwa limesimama, kipaza sauti kikiwekwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya nyuzi 45. Utaratibu mwingine hulipima likipita, kipaza sauti kikiwa mita 7 na nusu kutoka katikati ya njia. Gari lile lile, kwa mlio ule ule, laweza kuonyesha tofauti ya zaidi ya desibeli 20 baina ya sehemu hizo mbili. Kwa hiyo anayesema kuwa gari limetoa desibeli 90 hajasema lolote la kutegemewa mpaka aeleze chombo kilikuwa wapi, injini ilikuwa ikizunguka kwa kasi gani, na chombo chenyewe kilihakikiwa lini.

Chukua mfano wa dereva wa Kitanzania anayetoka Arusha kwenda Nairobi. Amepita Namanga salama, na anapokaribia Kitengela anasimamishwa na askari wa trafiki ambaye anamwambia kuwa bomba la gari lake limebadilishwa na lina kelele. Jambo la kwanza ni kusimamisha gari mahali pa salama, kuzima injini, na kusema kwa adabu. Ubishi wa barabarani haujapata kumwondolea mtu mashtaka, na huweza kumwongezea jingine. Jambo la pili ni kuuliza kosa ni lipi, chini ya sheria ipi, na kama sauti imepimwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 49, inampa kila aliyekamatwa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Nayo ibara ya 7 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Mtanzania huyo hana sababu ya kutikisa kichwa kwa jambo asilolielewa.

Jambo la tatu ni kuisoma karatasi anayopewa kabla hajaikunja na kuitia mfukoni. Mwaka 2016 Kenya ilitangaza orodha ya makosa madogo ya trafiki yenye faini maalumu, kuanzia shilingi 500 hadi 10,000 za Kenya. Kosa lililomo katika orodha ya namna hiyo lina utaratibu mwepesi zaidi kwa mtu anayekiri. Lakini mashtaka ya kutumia gari lenye hali mbaya, chini ya kifungu cha 55, si ya kupuuzwa, kwa maana sheria imeyawekea faini kubwa na hata kifungo. Ni lazima basi dereva ajue karatasi yake imetaja kifungu kipi, mahakama ipi, siku gani na saa ngapi.

Wakati huo huo huenda akajitokeza mtu wa kumnong'oneza kwamba jambo lote laweza kumalizika papo hapo kwa fedha kidogo. Hapo dereva ajihadhari. Sheria ya Kenya dhidi ya rushwa ya mwaka 2016 inamhesabu mtoaji kuwa mkosaji sawasawa na mpokeaji. Tena, hata kama sheria hiyo isingekuwapo, hesabu yenyewe haimfai. Bomba bado ni lile lile. Kilomita chache mbele yuko askari mwingine mwenye masikio kama ya huyu, na dereva hana stakabadhi ya kumwonyesha. Atalipa tena njiani, atalipa tena anaporudi, na mwisho wa safari gari litakuwa na kosa lile lile lililoondoka nalo Arusha. Dereva anayeombwa fedha isiyo na stakabadhi aweza kuipeleka habari yake katika tume ya maadili na kupambana na ufisadi, au katika mamlaka huru ya kuchunguza utendaji wa polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011.

Ikiwa dereva atapelekwa kituoni, aweza kutakiwa kuweka dhamana ya fedha taslimu. Ieleweke kuwa dhamana si faini. Ni fedha ya kumhakikishia hakimu kwamba mshtakiwa atafika, na akihudhuria mpaka shauri likaisha, anastahili kurudishiwa, ama mahakama huihesabu katika faini akihukumiwa. Kwa sababu hiyo stakabadhi yake ni mali. Asiyekuwa na stakabadhi hana namna ya kuonyesha kuwa aliweka kitu. Na anayewekwa rumande hana budi kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au, muda huo ukiangukia siku zisizo za kazi, siku ya mahakama inayofuata.

Mahakamani ndipo makosa makubwa hufanyika, na hufanyika kwa haraka. Mashauri ya trafiki ni mengi, watu ni wengi, na kila mmoja anataka kurudi kazini kwake. Mshtakiwa husomewa mashtaka, akaulizwa kama ni kweli, akajibu kweli bila kufikiri, akidhani kwamba hiyo ndiyo njia fupi. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ambayo wakati ule ilisikiliza rufani kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, iliweka katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri utaratibu ambao mahakama zimeendelea kuufuata hata baada ya mahakama hiyo kwisha pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Mashtaka na kila sehemu ya kosa yaelezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema. Akikiri, upande wa mashtaka ueleze mambo yalivyotokea, naye apewe nafasi ya kuyakataa au kuongeza maelezo. Akiyakataa, au akasema neno linaloonyesha kuwa hakukiri kwa kweli, hakimu aandike kuwa amekana.

Utaratibu huu si mapambo ya mahakama. Katika sheria ya Kenya ya mwenendo wa mashauri ya jinai, aliyekiri mwenyewe hawezi kukata rufani juu ya kutiwa hatiani. Hubakiwa na haki ya kulalamikia adhabu tu, yaani ukubwa wake au uhalali wake, na muda wa kukata rufani kwa kawaida ni siku 14. Neno moja lililotamkwa kwa haraka asubuhi hufunga mlango ambao wakili hodari hawezi kuufungua kwa urahisi mchana.

Kwa hiyo dereva ajiulize kabla ya siku ile: je, bomba la gari langu limebadilishwa kweli au halikubadilishwa? Kama ni lile lile la kiwandani, au sailensa ni mpya na ya namna ya kawaida, anayo haki ya kukana. Ibara ya 50 ya Katiba inampa haki ya kudhaniwa hana hatia, kupata muda wa kujitayarisha, kujulishwa mapema ushahidi utakaotumiwa, na kuuhoji. Aweza kuuliza sauti ilipimwa kwa chombo gani na kwa umbali gani. Aweza kumleta fundi aliyelikagua gari, pamoja na picha za bomba na stakabadhi ya sailensa. Kama polisi walilisikia gari kwa masikio tu, hakimu ndiye atakayepima uzito wa ushahidi huo.

Lakini kama bomba limebadilishwa kweli, hekima ni kulirudisha katika hali yake kabla ya kusimama mbele ya hakimu. Fundi aondoe bomba tupu, afunge sailensa inayolifaa gari hilo, abadilishe gasketi zilizoungua, na aangalie kila kiungo kama kinavuja. Mwenye gari achukue stakabadhi yenye tarehe na namba ya gari, na picha za kabla na baada ya matengenezo. Matengenezo hayo hayafuti kosa lililokwisha kutendeka, na ni vizuri jambo hili lielezwe wazi, kwa kuwa wapo wanaoingia mahakamani wakidhani kuwa stakabadhi ya fundi ni cheti cha kuachiliwa. Thamani yake iko katika kumwonyesha hakimu kuwa mkosaji ameliondoa jambo lililowaudhi watu. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya humpa hakimu uwezo wa kumwachilia mkosaji bila adhabu, au kwa sharti la kutorudia, pale anapoona kuwa mazingira ya kosa na tabia ya mkosaji yanastahili. Hakuna awezaye kumwahidi dereva kwamba uwezo huo utatumiwa kwake. Lakini anayefika na gari lenye kelele zile zile hana hata msingi wa kuuomba.

Kosa baya kuliko yote ni kutohudhuria. Mgeni huweza kushawishika kuvuka mpaka na kuisahau karatasi, akidhani kuwa mkono wa mahakama haufiki Arusha. Dhamana yake hupotea, hati ya kukamatwa huweza kutolewa, na siku atakayopita tena Namanga kosa la bomba litakuwa limegeuka kuwa kosa la kuikimbia mahakama. Mtu ambaye riziki yake iko katika njia hiyo hawezi kuishi kwa kujificha.

Lipo pia suala la dereva wa kuajiriwa, nalo ndilo zito kupita yote. Matatu mengi hayaendeshwi na wenyewe. Mwenye gari huamua gari lipambwe vipi na bomba liwe la namna gani, na dereva hupewa gari alfajiri pamoja na kiasi cha fedha anachotakiwa kukirudisha jioni. Akisimamishwa, sheria humwangalia kwanza yeye aliyeshika usukani. Siku anayokwenda mahakamani hana mapato, na leseni inayotajwa katika jalada ni yake. Aliyelifunga bomba kwa faida yake yuko nyumbani. Ni kweli kwamba mwenye gari naye aweza kushtakiwa kwa kuruhusu gari bovu litumike, lakini hayo hayatokei mpaka jina lake liingie katika jalada. Dereva anayepewa gari lenye bomba lililokatwa afanye vizuri kumwarifu mwenye gari kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, na kuutunza ujumbe huo. Siku ya mashtaka, maneno yasiyo na ushahidi hayatamsaidia.

Kwa upande wa vyombo vya dola, funzo la mwaka 2004 linafaa kukumbukwa. Wananchi wa Kenya walizitii kanuni za wakati ule kwa kuwa zilitekelezwa kwa wote na mchana kweupe, na uzito wake ulipungua pale utekelezaji ulipokuwa wa msimu. Sheria ya kelele isiyo na vipimo barabarani humwachia askari mmoja kuamua kwa sikio lake ni gari lipi linakosa, na uamuzi wa namna hiyo ndiko rushwa inakopata nafasi. Chombo cha kupimia sauti kilichohakikiwa, pamoja na karatasi inayoandika tarakimu, umbali na saa, kingemlinda dereva asiye na kosa, kingemlinda askari mwaminifu asisingiziwe, na kingempa hakimu kitu cha kuamulia.

Mama anayembembeleza mtoto mgonjwa katika nyumba iliyo kando ya barabara hajui kifungu cha 55, wala hahitaji kukijua. Anachokijua ni kwamba mtoto alikuwa amelala, na sasa ameamka. Faini inayolipwa na bomba likaachwa vile vile haimpi mama huyo chochote, na fedha inayotolewa kwa siri humnyima hata matumaini ya kupata nafuu kesho. Dereva wa Kitanzania anayekusudia kuvuka mpaka alikague bomba la gari lake kabla hajaondoka nyumbani. Na aliyekwisha kuandikiwa kosa aende kwa fundi, achukue stakabadhi, kisha aende mahakamani siku aliyoitwa.